Siku Ishirini na Tatu Bila Chumvi

Ombui wa Nyangau alikuwa mbishi, na anayekataa hakumjua. Alibishana na mwalimu, akabishana na mzee wa kanisa, akabishana hata na mikungu yake ya ndizi ilipochelewa kukomaa. Lakini mbishi huyo ndiye aliyetoa kitu ambacho hakuna mtu wa kwao aliyethubutu kumwomba, na habari hiyo inafaa iandikwe sawasawa, maana watu wa Kebirigo wanaisimulia kombokombo.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru Ombui alikuwa na miaka kama thelathini. Mke wake Gesare alikuwa na mtoto wa kunyonya, na mama yake Bitutu alikuwa bado na meno yake yote na ulimi wake wote. Walikaa Riontere, mlimani upande wa Ikonge: maduka kumi na mawili, kanisa la Wasabato, shule na kinu cha kusaga. Mtu wa Kisii mjini angecheka, lakini wenyewe waliita mji wetu. Na mji hujulikana siku unapozingirwa.

Ulizingirwa mwezi wa mvua nyingi. Mambo yalianza kwa ng'ombe, kama yanavyoanza siku zote. Ng'ombe wa huku walipotea, vijana wa huku wakavuka mto wakarudi na ng'ombe ambao hata hawakuwa wale waliopotea, na watu wa ng'ambo wakaja kwa wingi. Walichoma nyumba saba za chini, wakang'oa mbao za daraja, wakakaa kwenye njia zote mbili, ya Ikonge na ya Kebirigo. Lori la serikali lilikwama kwenye tope, mbali huko. Watu wa Riontere wakakata miiba wakafunga mji, wakakaa humo ndani kama kuku chini ya tenga.

Alikuwapo fundi mmoja wa cherehani, Opondo, mtu wa upande wa ziwa. Alishona kwenye baraza ya duka, na hakuwa na shamba wala jamaa pale. Siku ya kwanza watu wa ng'ambo walimwita kwa sauti: fundi, ugomvi huu si wako, beba cherehani upite, hakuna atakayekugusa. Mji mzima ukamtazama. Opondo akapanda juu ya jiwe, akajibu kwamba amepokea vitambaa vya suruali kumi na moja na hajamaliza hata moja, na fundi anayekimbia na kitambaa cha mtu jina lake ni mwizi. Hata ng'ambo walicheka.

Ombui hakucheka. Kwa miaka minne alikuwa amemwita mtu huyo mgeni, na kiti hajawahi kumpa. Mchana huohuo alimshika mkono akampeleka jikoni kwa Bitutu, akasema anataka wawe ndugu wa kiapo, walinde lango pamoja, na lolote litakalompata mmoja liwe la wote wawili. Zamani watu walichanjiana, wakalambana damu. Lakini hao wote walikuwa Wasabato, na Bitutu alisema damu hailambwi jikoni kwake hata mji ukianguka. Mama huyo akapakua ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya Wakisii. Haikuwa na chumvi, maana duka lilikuwa limemaliza chumvi jana yake.

"Apeni kwa hii," alisema. "Chumvi isiingie midomoni mwenu mpaka ije amani ambayo nyote wawili mmeikubali. Mmoja akikataa, mwingine asionje."

Wakala kutoka bakuli moja, wakakunja nyuso kwa uchungu wa mboga, wakawa ndugu.

Walilinda lango siku kwa siku. Opondo aligeuza zile suruali kumi na moja kuwa mifuko ya mawe, wenye vitambaa wakanung'unika lakini wakairusha. Mara mbili watu wa ng'ambo walifika kwenye miiba, na mara mbili walirudishwa. Mara ya pili jiwe lilimvunja Opondo kidole cha kushikia sindano. Akasema sasa suruali zitachelewa kweli.

Lakini njaa haina lango. Siku ya kumi na nane watu walikuwa wanapika mizizi ya migomba, na maziwa ya Gesare yakaanza kukauka. Siku ya ishirini akaja mzee wa ng'ambo, ameshika tawi bichi, nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia la chumvi. Akaliweka chini, akasema masharti yake polepole. Ng'ombe wakae walipo. Nyumba zilizochomwa zisidaiwe, wala majeraha. Njia na daraja vifunguliwe, masoko yachanganyike. Mama mmoja wa huku amnyonyeshe mtoto wa ng'ambo, na mama wa ng'ambo amnyonyeshe wa huku, kama wazee wa kale walivyofunga vita, maana waliogawana ziwa la mama hawamwagiani damu. Na chemchemi ya bondeni, pamoja na kipande chake cha ardhi, iwe ya watu wa ng'ambo. Akawapa siku tatu.

Kila mtu alimtazama Ombui. Chemchemi ile ilikuwa yake. Baba yake, Nyangau, aliichimbua kwa mikono, akaipangia mawe, akazikwa hatua ishirini juu yake. Maji yake yana magadi, ng'ombe huyapenda kuliko majani.

Chumvi iligawanywa nyumba kwa nyumba. Mji mzima ukala chakula chenye ladha, isipokuwa watu wawili. Kwa siku hizo tatu wanawake walikuwa wakipita jikoni kwa Bitutu kwa visingizio, huyu kaja kuomba moto, huyu kuulizia kuku, lakini kila jicho liko kwenye sahani ya Ombui.

Ombui alimwendea Opondo akitumaini kitu kimoja: kwamba ndugu yake atakataa. Kiapo kiliruhusu. Fundi akikataa, shamba lingebaki, na Ombui asingelaumiwa na mtu. Akamweleza hasara yote, kaburi, mawe, jina la baba. Opondo alisikiliza huku kidole chake kimefungwa kitambaa.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "nikikubali, mimi ni mgeni aliyegawa shamba la mwenyeji. Nikikataa, mimi ni mgeni aliyezika watoto wa mwenyeji. Nenda kaangalie maji yako kwanza. Utakalosema wewe, mimi nimeshalisema."

Ombui alirudi nyumbani amevimba. Akamwambia mama yake kwamba ndugu wa kiapo amemwachia mzigo peke yake. Bitutu alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Na ule ua ulioizungushia chemchemi mwaka wa Uhuru," alimuuliza, "baba yako ndiye aliyekutuma?"

Hilo ndilo jambo ambalo mji mzima ulijua na hakuna aliyelitaja. Wakati wa Nyangau ng'ombe wa ng'ambo walikunywa pale. Ombui akaweka ua, ng'ombe wakarudishwa na kiu, na mwaka huo huo wizi wa ng'ombe ukaanza. Ombui alifungua mdomo abishane. Akaufunga. Bitutu alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu amzae.

Asubuhi ya siku ya mwisho alishika tawi bichi akateremka. Alikuta ua umelala chini, na mwanamke wa ng'ambo, mtoto mgongoni, ameinama majini. Hakuwa anachota. Alikuwa anang'oa magugu kati ya mawe, na lile jiwe kubwa la upande wa mto, lililoanguka miaka mitatu nyuma na Ombui akalipita kila siku, lilikuwa limerudishwa mahali pake. Mwanamke alimwona mtu mwenye tawi, amekonda, midomo imepasuka. Hakumjua. Akachota kibuyu akampa kwa mikono miwili.

Ombui alikunywa. Maji yalikuwa safi kuliko alivyoyaacha. Akamuuliza, kwa Kiswahili kibovu kama cha mwenzake, nani amemtuma kusafisha. Akajibu kwamba maji hayangoji kutumwa.

Alipanda mlima akamkuta mzee wa ng'ambo kwenye lango pamoja na Opondo. Akasema chemchemi ni yao, ila kaburi atalipalilia yeye mwenyewe kila mwaka, na mtu wa Riontere mwenye kiu asiulizwe ukoo. Mzee akakubali. Opondo akasema na yeye amekubali, na kwamba alishasema juzi, ila watu hawasikii.

Gesare alimpokea mtoto wa ng'ambo, msichana, na maziwa yake machache yakatoka. Yule mwanamke wa chemchemini alimpokea mtoto wa Ombui, naye mtoto akalia kidogo, kisha akanyonya mpaka akasinzia. Bitutu akaleta bakuli, chinsaga ileile, safari hii na chumvi. Ombui akatia tonge moja akatema. Siku ishirini na tatu si mchezo, ulimi ulikuwa umesahau. Opondo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha naye akatema.

Miaka ilienda. Michai ilipandwa mpaka ukingoni mwa bonde, na watu wa ng'ambo wakavuka daraja kila siku kuuza maziwa. Opondo alishona sare za shule mbili, huku na kule, kwa kidole kilichopinda. Yule msichana alimwita Gesare mama, na alipokuja likizo alilala hapo bila kuomba.

Mwaka wa sabini na sita watu wa ng'ambo waliamua kuijengea chemchemi saruji. Fundi wao alitaka bomba moja. Ombui alikuwa amekuja na jembe lake kupalilia kaburi, hakualikwa. Akabishana naye kutwa nzima: mabomba yawe mawili, la watu juu, la ng'ombe chini, na la ng'ombe liwe refu lifike upande wa pili, ng'ombe wa huku nao wanywe. Yule mama wa ng'ambo aliyemnyonyesha mtoto wa Ombui alimwambia fundi amfuate tu mzee huyo, maana hawatamaliza.

Mabomba ni mawili mpaka leo.