Siku Nilipomshangilia Zaituna Juu ya Dungu

Leo naweza kuwasimulia, lakini siku ile ningeona shimo ningejifukia mwenyewe. Mimi, bibi mzima hapa Hombolo, niliyemnyang'anya mjukuu wangu Neema kitabu mbele ya wenzake na kumfokea, "Uongo mtupu! Mwanamke gani anaendesha chombo angani?"

Alikinunua mnadani, kwenye mafungu ya mitumba (biashara ya nje ilikuwa imeruhusiwa, kila kitu kinaletwa). Nikakitia kikapuni, nikaenda kuamia ndege, maana uwele ulikuwa umekomaa na ndio chakula chetu cha mwaka. Juu ya dungu, kichanja changu cha kulindia shamba, nikasema nisome ukurasa mmoja tu, niujue ubaya wake. Basi! Huyo Zaituna wa kitabuni si mtu wa mchezo, kwao ni kwenye nyota, jambazi la chuma limewaibia maji yote, naye analifukuza peke yake kwa mkuki wa moto, na mimi (nilijifunza kisomo cha watu wazima, nasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari) nikajikuta nimesimama nakemea, "Mwizi! Mkamate! Usimwache!"

Majirani zangu, Mzee Malogo na Mama Chiku, wakaacha mashamba yao, wakaja mbio na fimbo.

"Yuko wapi, Bibi?"

Nikakikalia kitabu. Aibu ikaninyoosha mkono. "Kakimbilia kule."

Kumbe kule bwana shamba anajipitia na baiskeli yake! Wakamleta wamemkwida shati.

"Shikamoo Bibi," kijana wa watu akaniamkia, "jamani, nimeiba nini?"

Mzee Malogo keshainua fimbo. Nikaona mtu atavunjwa mbavu kwa ajili yangu.

"Mwache! Mwizi yumo humu," nikasema, nikakitoa kitabu.

Kisha Mama Chiku akakaa chini kwa kicheko. "Bibi wee! Na ndege je?"

Tukageuka. Wametua mashamba yote matatu, weusi tii. Tukatimua mbio tukipiga madebe, na bwana shamba naye, baiskeli kaitupa. Uwele mwingi ukapona, ila wangu uliliwa upande mzima.

Neema akafika na chakula changu, akatukuta tunahema, akasimuliwa yote.

"Bibi, si ulisema kitabu ni uongo mtupu?"

"Uongo wa kitabuni haujamuumiza mtu," nikamjibu. "Uongo uliokaribia kumvunja mtu mbavu ni wangu."

Nikamwomba radhi bwana shamba mbele yao wote. Kusoma sijaacha, tena Neema ananisomea mwenyewe. Lakini kumnyooshea mtu kidole ili nifiche aibu yangu, hilo sirudii mpaka nizikwe.