Meseji ya Mtambo wa Uru

Jamani, leo mtambo wa intaneti umeniita kula nyama!

Mnaojua kazi yangu mnaelewa. Mtambo wetu wa Uru umefungwa juu ya paa la Mama Aloisi. Ukizimika tu, kompyuta ya ofisini inanitumia meseji yenyewe.

Mchana simu ikalia: URU UMEZIMIKA.

Wateja wa Uru nzima hawana intaneti, bosi anafoka. Nikarukia pikipiki, nikapanda mlima kwenye matope, roho juu.

Nafika, nyumba imejaa wageni wa kipaimara. Mama Aloisi yuko mlangoni, anacheka.

"Shikamoo mama. Umeme umekatika?"

"Marahaba mwanangu. Umeme upo. Nimechomoa waya mimi."

Nikachungulia ndani: kweli, waya unaning'inia.

"Namba yako sina," akasema, "lakini hiki kidude kikizimika, hukawii kuja. Mbuzi ameshachinjwa, na fungu lako hawezi kulichukua mtu mwingine."

Wachagga wenzangu, fungu la nyama lina mjadala kweli? Hasira ziliisha pale pale. Nikachomeka waya, nikala mpaka nikafungua mkanda. Namba yangu nikamwandikia kwa chaki, kubwa, nyuma ya mlango. Nyama nyingine akanifungia kwenye jani la mgomba nimpelekee mke wangu.

Nimeshuka hadi mjini, navua koti, simu ikalia.

URU UMEZIMIKA.

Nikapapasa nyuma ya pikipiki. Nyama ya mke wangu nimeisahau. Namba mama anayo, ila waya ndio anaouamini.

Nageuza. Bosi nimwambieje?