Mfuko wa Nywele za Jumatatu

Imeelezwa rasmi, katika karatasi ya kijani inayotolewa kwenye dirisha la dawa la kliniki ya ini, kwamba nywele za mgonjwa zinaweza kupungua wakati wa matibabu. Kwamba hali hiyo ni ya muda. Na kwamba matibabu yakiisha nywele zitarudi, na mgonjwa hatakuwa amepoteza kitu. Chini kuna muhuri.

Mwanamke aliyepewa karatasi hiyo aliikunja mara nne na kuitia kwenye mkoba. Alikuwa msusi. Mtaani walimwita Mistari, kwa kuwa mistari aliyoigawa kichwani mwa mtu kwa ncha ya kitana ilinyooka kiasi kwamba mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, alisema angeweza kuifundishia.

Saluni ilikuwa na viti viwili na wasusi wawili. Wa pili aliitwa Mwepesi, kwa ajili ya mkono wake. Sasa, msusi anaweza kusuka kichwa chochote duniani isipokuwa kisogo chake mwenyewe, na msusi mwenye kichwa ovyo hana mteja. Hivyo kila Jumatatu asubuhi, wakati wateja bado hawajatoka makwao, mmoja alikaa chini kwenye mkeka, kichwa kikiegemea goti la mwenzake, akasukwa, kisha wakabadilishana. Miaka tisa. Mistari aliishi peke yake kwenye chumba kimoja, na ukiiondoa Jumatatu, hakuna mkono wa mtu uliofika kichwani mwake. Fomu ya kliniki haikuuliza hilo. Iliuliza uzito, umri na mtu wa kuarifiwa. Kwenye mtu wa kuarifiwa aliandika jina la Mwepesi, bila kumwambia.

Sindano zilikuwa moja kwa wiki, wiki arobaini na nane. Wiki ya tisa nywele zilianza kubaki kwenye mto. Wiki ya kumi na moja ngozi ya kichwa iliwasha kama imemwagiwa pilipili, ikatoa magamba, na alipojikuna ikachubuka.

“Usijikune,” alisema muuguzi. “Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu, kitana cha meno mapana. Usikaze, usiweke dawa ya nywele, usichome kwa pasi. Funga kitambaa laini cha pamba. Na kitana chako kiwe chako peke yako, damu isije ikamfikia mtu.”

“Yaani umepiga marufuku saluni yote, umeniachia kioo.”

“Kioo nacho usikiangalie sana. Shukuru ini linapona.”

“Ini halina wateja, dada.”

Muuguzi alicheka, akamwita anayefuata.

Mistari alifuata masharti yote. Mikasi na wembe wake aliviweka kando tangu siku ya kwanza, visimguse mteja. Kumwambia Mwepesi ndiko kulikomshinda. Alijua habari ya ini ingefika kwa wateja, na alijua maana ya ugonjwa unaopita kwa damu mahali penye mikasi. Alipanga kusema nywele zitakaporudi. Mpaka hapo, alihitaji kuvuka Jumatatu.

Jumatatu ya kwanza baada ya maagizo hayo alikuja na kitana kipya, akasema kisitumike kwa wateja, na kuomba asukwe mistari mikubwa, iliyolegea. Mwepesi alifanya hivyo bila kuuliza. Alipomaliza, Mistari aliinuka, akachukua ufagio, akakusanya nywele zake zote pale mkekani, hata zilizonasa kwenye nyuzi, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo na kuuweka mkobani. Hakutaka mwenzake aone ni nyingi kiasi gani.

Mwepesi aliona mfuko.

Jumatatu ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu, Mwepesi aliweka kitana chini.

“Unazipeleka wapi?”

“Nyumbani. Nazitupa.”

“Pipa si hili hapa? Miaka tisa nimefagia nywele zako, leo zina mfuko wake.”

“Usafi tu, mwenzangu.”

“Na kitana chako nisikitumie kwa wateja. Usafi.” Mwepesi alikisukuma kitana kando. “Sema tu. Unadhani nitazipeleka kwa mganga?”

Mistari alifungua mdomo. Hapo jibu la kweli lilikuwa fupi, lisingezidi pumzi moja. Mlango ukasukumwa, akaingia mwalimu wa hesabu, taulo kichwani, akiomba aharakishiwe.

“Ni mba,” alisema Mistari.

“Mba haiwekwi akiba,” alisema Mwepesi, akamvutia mteja kiti.

Hawakugombana. Ingekuwa nafuu. Mwepesi aliendelea kumsalimia kila asubuhi, salamu nzima, habari za nyumbani na za kazi, kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba. Jumatatu alianza kuchelewa, na akifika kichwa tayari kimesukwa, na si kwa mkono wa Mistari. Mwezi uliofuata alibeba kiti chake na kuhamia saluni ya barabara ya pili. Wateja waliambiwa kule kuna mwanga zaidi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mistari alinyoa zilizobaki, mwenyewe, mbele ya kioo. Alifunga kitambaa cha pamba na kuwaambia wateja kwamba ni mtindo. Wawili waliuiga.

Karatasi ilisema kweli. Miezi minne baada ya sindano ya mwisho nywele zilikuwa zimeota, laini kuliko zamani, ndefu vya kutosha kushikika. Jumatatu moja alijifunga kanga vizuri na kwenda barabara ya pili kusema lile neno fupi. Mlango ulikuwa wazi. Mwepesi alikuwa amekaa mkekani, kichwa kwenye goti la msusi mwingine, akisimulia kitu, na wote wawili wanacheka. Mistari alipita kama aliyekuwa anaelekea dukani. Alifika dukani, akanunua kibiriti.

Wiki hiyo alirudi kliniki kwa kipimo cha mwisho. Muuguzi alimshika nywele kwa vidole viwili.

“Si nilikwambia zitarudi? Haya, tufunge faili. Anwani ileile?”

“Ileile.”

“Simu?”

“Ileile.”

“Na mtu wa kuarifiwa?”

Mistari aliomba kalamu, akachora mstari uliolikata jina la Mwepesi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulinyooka. Nafasi ya chini yake aliiacha kama ilivyo, na muuguzi akagonga muhuri.