Asali ya Kufungua Kichwa

Nyati alinikalisha juu ya mti tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, huko porini nyuma ya Sibwesa, nikiwa bado sijaoa. Nilikuwa nimekwenda kukagua mizinga ya baba. Baba alikuwa Mbende kwa kabila, mrina asali, kalamu hajawahi kuishika, lakini mizinga yake yote ilikaa kichwani mwake, mmoja baada ya mwingine, kama njia inavyokwenda. Basi yule nyati akalala chini ya mti wangu. Akiamka anatafuna majani, ananitazama, analala tena. Miguu ikafa ganzi. Nikaogopa nitasinzia nianguke, nikaanza kuizungukia mizinga ya baba kwa mawazo tu: wa kwanza kijitoni, wa pili kwenye mti uliopigwa radi, wa tatu karibu na kichuguu kikubwa, mpaka mwisho, halafu naanza upya. Kila mzinga nikautundikia kitu. Kijitoni nikamweka shangazi yangu mwenye kununa. Kwenye mti wa radi, jembe langu lililovunjika. Nilikuwa najichekesha ili nisilale. Nyati akaondoka jioni, bila hata kuaga, na mimi nikashuka na akili mpya ambayo sikujua kama ni akili.

Nyati huyo ndiye aliyenipa kazi ya reli, ingawa ilichukua miaka mingi.

Shule niliishia darasa la pili, tena la pili lenyewe nusu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kibarua kwenye genge la reli, njia ya kuingia Mpanda. Tunakaza bolti, tunabadilisha mataruma yanayobeba reli, tunafyeka. Likaja neno la kupunguza watu. Mnyapara wetu akatuita wawili tuliobaki.

"Nafasi ni moja," akasema. "Ya kutembea na njia peke yako kila asubuhi kuikagua. Mwezi ujao mkaguzi anakuja na kiberenge. Atakupa karatasi ya maagizo, dakika moja, anaichukua, wewe unamwambia yaliyoandikwa. Asiyeweza arudi kwao akalime."

Mwenzangu alikuwa Mrundi, aliletwa huku akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi. Tulimwita Mwalimu, maana alisoma kila karatasi aliyoiokota, hata iliyofungia maandazi. Alikuwa na watoto wanne huko makazi, mimi watatu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na shamba la kutosha. Mimi nilisoma kwa kidole, midomo ikinong'ona kila herufi. Kabla sijamaliza mstari mmoja ungeweza kupika chai ukainywa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema atanifundisha. Mnyapara akacheka. "Mwalimu, unamnoa mtu atakayekuchinja!"

"Acha anoleke," akajibu. "Nikimshinda mtu asiyejua kusoma, nitajisifia nini?"

Kila tukitoka kazini ananikalisha kwenye rundo la mataruma na magazeti ya kufungia vitu. Aliniwekea punje ya hindi katikati ya midomo. Midomo ikicheza, punje inadondoka, naanza upya. Akachukua kipande cha boksi la sabuni, anafunika mistari niliyokwisha pita, anakishusha bila huruma.

"Usirudi nyuma! Mbele, Mbende, mbele! Unasoma kama unatafuta sindano!"

"Nimeruka neno!"

"Liache! Utalipata kwa maana!"

Wiki ya tatu punje haikudondoka tena. Nilisoma nusu ya ukurasa kabla njiti ya kiberiti ya kupimia muda haijaniunguza vidole. Lakini nilipolifunika gazeti na kumwambia yote yaliyomo, kwa mpangilio, Mwalimu alishangaa. Yeye alikuwa anasoma haraka kuliko mimi mara mbili, lakini ukimfunikia, yanamchanganyikia.

"Wewe unayawekaje?" akaniuliza.

Nitasema ukweli, nimeshazeeka. Kichwani niliwaona watoto wangu watatu, nikaificha ile mizinga ya baba. Nikamwambia, "Asali. Kijiko kimoja asubuhi kabla ya kula. Sisi warina asali hatusahau, hujui?"

Nilidhani atacheka. Kesho yake akaenda Kashaulili, mjini Mpanda, akarudi na chupa ya asali. Akawa analamba kila alfajiri, amefumba macho kama anapokea sakramenti, halafu ananipa gazeti nimpime. Siku nyingine alikumbuka vizuri, akaamini zaidi. Siku mbili kabla ya mkaguzi, mambo yakamchanganyikia tena. Akaja kukaa karibu yangu, sauti ndogo.

"Kaka, naogopa. Nikikosa hii, nawaambia nini kule nyumbani?"

Nilifungua mdomo. Mizinga yote ilikuwa hapa kwenye ulimi, kijito, radi, kichuguu. Nikasema, "Ongeza kijiko."

Mkaguzi alikuja kukiwa na jua kali, saa mkononi. Akaanza na Mwalimu. Alimaliza kusoma kabla ya nusu dakika, akanikonyeza. Karatasi ikachukuliwa. La kwanza akasema sawa, la pili sawa. Kisha akaanza kutoa jasho. Bendera nyekundu akaiweka darajani, na maagizo yalisema kabla ya daraja.

"Treni imeshaingia mtoni, ndugu yangu," mkaguzi akasema, taratibu tu. "Anayefuata."

Mimi nikapewa karatasi nyingine. Macho yakashuka nayo kama lile boksi linanifukuza. Agizo la kwanza nikalitundika kijitoni, la pili kwenye mti wa radi, la tatu kichuguuni. Dakika ikaisha nimebakiza mstari mmoja. Nikafumba macho, nikapita njia ya baba, nikayatungua moja moja. Yote niliyoyasoma yalikuwapo.

Mkaguzi akampa mnyapara mkono. "Huyu."

Mwalimu aliingia chumbani kwake akatoka na mfuko mmoja na ile chupa. Akanipa chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

"Chukua, kaka. Sasa ndiyo utaihitaji zaidi. Mimi labda nilichelewa kuanza."

Hakukuwa na kejeli hata kidogo. Akashika njia ya reli, anakanyaga taruma moja moja, mfuko begani. Nilisimama na chupa yangu mpaka alipofika kwenye kona ya mawe. Hakugeuka, wala hakurudi tena.