Nukta Nne za Babu

Daftari la Babu lilinuka ubani, ugoro na ngozi ya mbuzi iliyolifunika, na kila lilipofunguliwa harufu hiyo ilijaa sebule yetu ya Area D, ikazidi hata ile ya mlenda uliokuwa umeanikwa uani. Lilitolewa sandukuni wiki mbili baada ya Babu kufariki. Nilikuwa na miaka kumi, na ulikuwa msimu ule wa baridi ambapo upepo wa Dodoma huleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kopo la sukari. Babu alikuwa Msandawe wa Chemba, mtu wa dawa za mizizi aliyesoma chuo cha Kurani utotoni, kisha akahamia mjini wanawe wakiwa bado wadogo. Kwa hiyo Baba na mdogo wake, Baba Mdogo Idi, walikua wakizungumza Kiswahili. Kisandawe walikijua kwa salamu tu. Daftari zima liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na humo ndani, karibu katika kila mstari, kulikuwa na alama ambayo hakuna aliyewahi kuiona mahali pengine: kistari kidogo chenye nukta nne juu yake.

Wa kwanza kulisoma alikuwa ustadhi wetu wa chuo. Alisoma kwa sauti nzuri ya kuvuta, kisha akanyamaza katikati ya ukurasa. "Herufi nazijua," alisema, "lakini lugha hii si Kiarabu wala Kiswahili. Huenda ni majina ya majini. Msiyatamke ovyo." Baba Mdogo hakuridhika. Akalipeleka kwa mtazamia nyota mmoja wa Makole, ambaye alizigeuza herufi kuwa tarakimu, akazijumlisha na jina la Mama na la mama yake mzazi, ambayo Baba Mdogo alimpa, akapata jibu. Ukurasa wa mwisho, ambao Babu aliuandika akiwa mahututi kwa maradhi ya tumbo, ulimtaja aliyemdhuru: mwanamke aliyeingia katika ukoo kutoka nje. Zile nukta nne, alisema, ni misumari aliyompigilia.

Mwanamke aliyeingia kutoka nje alikuwa Mama. Alikuwa Mgogo, binti wa kanisani, na ndiye aliyempikia Babu uji muda wote wa ugonjwa. Siku ile Mama aliingia chumbani akaanza kukunja khanga zake na kuzitia kwenye mfuko, na Baba akabaki ameiangalia redio iliyozimwa. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Chuoni nilifundishwa kwamba kila herufi ina sauti yake. Sasa daftari lilelile lilikuwa majini kwa mmoja na mama yangu kwa mwingine. Nani alikuwa anasoma?

Bibi, mjane wa Babu, hakuulizwa na mtu, kwa kuwa hakujua kusoma. Mchana wa siku iliyofuata alikuwa uani akibangua karanga. Nikalichukua daftari juu ya kabati, nikakaa karibu naye, nikaanza kusoma ukurasa wa kwanza polepole, nikiziruka zile alama. Mikono yake ikasimama.

"Rudia. Hapo uliporuka pana nini?"

"Pana nukta nne, Bibi."

"Basi hapo gonga ulimi."

Alikuwa amenifundisha zamani, kwa mchezo tu, ile milio ya Kisandawe ambayo ulimi hubanwa kisha ukaachiwa. Nilipoitia mahali pa nukta nne, neno likasimama. Bibi akacheka mpaka karanga zikamwagika. Lilikuwa jina la kilima alikozaliwa. Tulisoma mpaka alasiri, mimi nikiwa macho na yeye masikio: majina ya mizizi, majina ya visima, maombi ya mvua kwa wazee waliotangulia, na juu ya kila ombi, Bismillahi. Hilo nalo lilinichanganya. Sikujua Babu alikuwa akimwomba nani.

Bibi akaagiza wote waitwe. Tulikaa sebuleni, Mama karibu na mlango, mfuko miguuni. Nikausoma ukurasa wa mwisho. Bibi alitafsiri: "Kinachoniumiza ni..." Neno lililofuata lilikuwa na nukta nne. Akaniambia nirudie, tena na tena. Babu alikuwa ametumia alama moja kwa milio yote, na Kisandawe kina milio mbalimbali. Nilikuwa karibu, nikauona mdomo wake ukijaribu bila sauti, mara ulimi nyuma ya meno, mara pembeni mwa shavu.

"Ni mzizi," alisema. "Ule aliokuwa akijichemshia mwenyewe. Nilimwambia unamchoma tumbo, hakusikia."

"Una hakika, Mama?" Baba Mdogo alimuuliza Bibi.

"Idi, wewe unamjua mume wangu kuliko mimi?"

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Akasema, "Shemeji, nisamehe." Mama akaufungua mfuko.

Siku chache baadaye nilimuuliza Bibi neno lile linakuwaje kwa mlio wa shavuni. Alitazama mlangoni kwanza. "Linakuwa mke wa mwana," alinong'ona.

"Sasa Babu alikusudia lipi?"

"Mtu akiumwa huandika vibaya. Nenda kachote maji."

Bibi hayupo tena, na katika ukoo wetu hapa mjini hakuna aliyebaki anayejua ile milio. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila muhula huwauliza wanafunzi mwandishi alikusudia nini, nikasahihisha majibu yao kwa kalamu nyekundu kana kwamba najua. Mwaka jana nilimweleza Mama, anayeishi Miyuji sasa, kile nilichokificha miaka yote. Hakushtuka. "Niliuona mdomo wa bibi yako siku ile," alisema. "Uji niliupika mimi, najua nilichotia: unga wa uwele, maji na ndimu. Kama babu yako alinishuku, sijui. Lakini alikuwa akimaliza bakuli."

Siku hizi picha ya ukurasa ule inazunguka kwenye kundi letu la simu. Binamu mmoja anasema ni hesabu za nyota, mwingine kaupitisha kwenye programu ya kutafsiri ikamwambia ni Kiajemi. Zamani tulikosa msomaji mmoja. Leo wasomaji ni wengi na wote wana hakika. Juzi binamu mdogo kuliko wote aliniandikia: "Dada, wewe ulikuwepo. Lile neno la mwisho ni nini?"

Nilikaa na simu mkononi, ulimi ukigusa meno, kisha shavu. Nikaandika: "Mzizi."