Tulipotafuta Kina cha Ruvuma

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa mto Ruvuma, bondeni kusini mwa Newala, nikaonyeshwa kitanda ndani ya boti. "Ofisi ndiyo hii, na nyumba ndiyo hii," akasema mkuu wa kikosi cha upimaji. "Usilalamikie mbu, walitutangulia."

Boti lilifungwa kwenye gati la mbao pamoja na mengine mawili, nasi tukaishi humo kiangazi kizima. Kupika, kufua, kugombania kivuli, yote humo humo. Kila asubuhi nilishuka kwenye kihori, yaani mashua ndogo ya watu wawili, na upondo wangu, ule mti mrefu wa kusukumia. Niliuchora alama ili unipimie kina pia. Ruvuma ni mtundu: ulipopita leo ukielea, kesho unakuta mchanga. Kazi yetu ilikuwa kutafuta dimbwi lisilokauka kiangazi, iwekwe pampu ya kupandisha maji Newala.

Mimi mtoto wa Newala. Mama yangu aliteremka bondeni kuteka maji tangu usichana wake, na alikuwa bado anateremka. Dimbwi hilo nililitafuta kwa uchu.

Nikalipata, lina kina na limetulia, karibu na barabara. Ila lilizungushiwa uzio wa miti iliyochomekwa majini, na ndani yake akina mama walikuwa wanachota. Mmoja akaniambia, "Humu mamba haingii, dada. Mkiweka mashine yenu, sisi tukachote wapi?"

Mkuu wa kikosi alikuna kichwa. "Pampu ikikaa pale, uzio lazima ung'olewe. Haya, tafuta jingine. Lakini mvua zikikukuta hujapata, Newala wasubiri mwaka mwingine."

Nilizunguka na kihori kila mkono wa mto hadi viganja vikaota malengelenge. Nililipata jingine juu zaidi, nyuma ya kisiwa cha mchanga, mvua zikiwa zimeshaanza. Kazi ikaahirishwa.

Nikaenda nyumbani kumweleza mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji lini?"

Nilimsimulia yote. Akajifunga kanga, akachukua ndoo akatoka. Iliniuma sana, maana nilijua anaelekea bondeni.

Sasa nimestaafu, nipo Masasi. Nasikia siku hizi kuna mashine za kupima kina bila mtu kulowana. Nazifurahia, kwa kweli. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ingieni kwenye kihori angalau mara moja, msalimiane na watu wanaochota.

Basi, mwaka uliofuata ule wa kuahirishwa kazi, maji yalipanda hadi Newala. Bomba la mtaani kwetu lilipofunguliwa, vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Watu wakampisha mama atangulie, kwa kuwa ni mzazi wangu. Akasimama mbele ya bomba, ndoo kichwani, wala haitui.

"Wale wenzetu wa bondeni," akaniuliza, "uzio wao upo?"

"Upo, mama."

Ndipo akatua ndoo.