Bokoboko la Siku ya Tatu

Mbiu ya mgambo imelia. Wakazi wote wa Kariakoo, wazima na wagonjwa, wenye nyumba na wapangaji, mnaarifiwa kwamba Mauza binti Mbaruk, mpishi mkuu wa bokoboko kutoka Gerezani hadi Jangwani, ndiye mtu wa kwanza katika Mtaa wa Sikukuu kupewa mwiko badala ya pole siku aliyokufa baba yake. Mwenye kofia aishike mkononi. Mwenye tarabushi aishike pia, asijifanye hakusikia.

Mauza alizaliwa Mbwamaji, ng'ambo ya Kivukoni. Ukivuka maji, unatembea asubuhi nzima kuelekea kusini, umefika. Baba yake, Bwana Mbaruk bin Suud, alikuwa Mwarabu wa duka: chumvi, kaniki, mafuta ya taa, na maneno matamu ambayo hayakupimwa kwa mizani. Mama yake, Zamda, Mzaramo wa hapo hapo, alikufa mwaka wa homa kubwa iliyokuja mkiani mwa vita, mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede. Bwana Mbaruk akahamisha duka lake mjini, akamwacha Mauza kwa bibi yake mzaa mama. Kila baada ya miezi kadhaa alifika na kashata mfukoni, akambusu mtoto utosini, akaondoka.

Mwaka wa ishirini na tano alifika na punda.

"Namchukua mtoto akaone gari moshi," akamwambia bibi. "Siku tatu tu."

Bibi aliingia ndani akatoka na mayai mawili ya kuchemsha, ya njiani. Huyu ni bibi ambaye yai moja aligawia watu watatu na ganda akaliwekea hesabu. Mtoto wa miaka minane mwenye akili angeshtuka palepale. Mauza alifurahi. Alikuwa na kuku wake, Kishungi, aliyelalia mayai sita chini ya kitanda cha kamba. Akachungulia kule chini akamwambia: "Usiangue mpaka nirudi. Siku tatu."

Gari moshi kweli aliliona. Lilipiga honi, akajikojolea, wakarudi nyumbani. Siku ya nne akauliza wanaondoka lini. Baba akasema punda ana homa. Baada ya mwezi punda aliuzwa, homa ikabaki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati kama koo, umetoka barazani mpaka uani. Mwingereza alikuwa ameupasua mji mapande matatu kama anayepasua samaki: kichwa akala yeye Mzungu, kiwiliwili akawapa Wahindi, mkia akawaachia Waswahili. Waarabu hakujua awaweke pande gani, kwa hiyo wengine wakajibanza huku huku mkiani, wakafungua maduka, na kila jioni wakakaa barazani kukumbushana kwamba wao kwa asili ni watu wa kiwiliwili.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Azza, mke mkubwa wa Bwana Mbaruk, mzaliwa wa Unguja, mweupe, na asiyesahau kuwa mweupe. Ukitegemea hapa nikwambie alikuwa mama wa kambo wa kwenye ngano, utangoja sana. Bi Azza alimpokea Mauza kwa mikono miwili. Alimkalisha uani mchana kutwa akamtoa chawa mmoja mmoja, akampaka mafuta ya nazi, akamvisha gauni la Saadiya, binti yake, aliyekuwa mkubwa kwa Mauza kwa miezi sita.

"Hapa hapana mtoto wa fulani na mtoto wa fulani," alisema. "Wewe na Saadiya ni tumbo moja. Niite Mama."

Maneno hayo Mauza aliyameza bila kutafuna.

Hakuuzoea mji kwa siku moja. Miezi ya kwanza, kila kuku wa jirani aliyepita uani alimwita Kishungi, na wote wakageuka, maana kuku hana adabu ya jina. Alishangaa maji kutoka kwenye bomba. Alishangaa zaidi wanawake kugombania foleni ya maji hayo kuliko walivyogombania waume. Polepole akajua njia ya sokoni, akajua nani anauza nazi koroma kwa kiapo kwamba imekomaa, akaacha kuuliza habari za Mbwamaji. Ng'ambo ilionekana pale pale Kivukoni. Maji ya kuvuka tu. Lakini mtoto havuki peke yake, na kila mkubwa aliyemwomba alikuwa na kazi kesho.

Kilichomfunga kwenye nyumba ile kilikuwa sufuria. Bi Azza alimfundisha bokoboko: ngano na nyama, moto wa taratibu, na mkono usiochoka, maana bokoboko halitaki kuachwa hata kwa muda wa kupiga chafya. Ukiliacha linashika chini, likishika chini limekwisha, na moshi wake mtaa mzima unajua. Saadiya alijaribu mara moja, mkono ukamuuma, akaenda kulala. Mauza alisonga mpaka ngano na nyama havikujuana tena. Bwana Mbaruk akavuta kigoda akakaa karibu na mafiga.

"Mkono huu si wako," alimwambia. "Huu ni wa bibi yangu mzaa baba. Naye aliitwa Mauza. Jina limerudi na mkono wake."

Tangu hapo ikawa kawaida yao. Yeye anasonga, baba anamsomea nasaba: Mauza binti Mbaruk bin Suud bin Nasor, mpaka babu wa tano aliyefika pwani na sanduku moja na majivuno matatu. Mauza aliijua nasaba ile haraka kuliko Alhamdu. Wasichana wengine walichezea wanasesere wa matambara. Yeye alichezea mababu.

Jirani wa mkono wa kulia alikuwa Bi Kuruthumu, muuza vitumbua, mjane mara tatu, ulimi mkali kama mbuzi ya kukunia nazi. Mauza aliruhusiwa kwenda kwake siku maalumu, na siku hizo zilikuwa sikukuu zake: kutwa nzima ya vitumbua. Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka, amemshika mkono mpaka mlangoni. Ilitokea kwamba siku hizo zilikuwa ndizo anazokuja kaka yake Bi Azza kutoka Unguja, Bwana Salem, pamoja na watu wake. Mauza hakuwahi kuliwazia hilo. Mwenye kitumbua mdomoni hawazi.

Na ni kwa Bi Kuruthumu, alipofiwa na mume wa tatu, Mauza alipofundishwa adabu ya msiba. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alimwona mjane anainuka kwenda kupuliza moto, na Bi Azza akamshika kanga akamrudisha mkekani.

"Kaa. Mfiwa hapiki," Bi Azza alisema, kisha akamgeukia Mauza. "Na wewe ujue. Aliyefiwa anakaa mkekani kupokea pole, siku tatu. Wanaopika ni wengine. Ukimwona mtu jikoni kwenye msiba, jua hakufiwa yeye."

Mauza akalijua.

Bwana Mbaruk alikufa mwaka wa thelathini na sita, Alhamisi asubuhi, amevaa kiatu kimoja. Alizikwa baada ya adhuhuri. Mauza, mwanamwali wa miaka kumi na tisa sasa, alikaa mkekani ukumbini kando ya Saadiya, wamegusana mabega. Wa kwanza kuja na mkono wa pole hajamaliza kuvua viatu, pazia la chumba cha mjane likatikisika.

"Mauza, mwanangu." Sauti ya Bi Azza ilikuwa imekauka kwa kilio, kilio cha kweli. "Kaka na watu wake wanatoka Unguja. Bokoboko la watu baki hawalitii mdomoni. Nani nitamwamini kama si wewe?"

"Na mkeka, Mama?"

"Mkeka haukimbii. Siku tatu hizi."

Akainuka. Miguu ilimjua Bi Azza kabla kichwa hakijauliza.

Bi Kuruthumu aliingia uani na sufuria ya maharage aliyopika kwake, kama jirani anavyopaswa. Akamkuta Mauza kwenye mafiga, macho mekundu, haijulikani ni moshi au ni baba.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nasonga."

"Hilo naliona. Nauliza baba yako kafa au kasafiri?"

"Mama kasema nisonge."

Bi Kuruthumu alitua sufuria yake chini. Akaingia ukumbini, akakaa pembeni, macho kwenye pazia la mjane.

Wanawake wakaja, siku ya kwanza, siku ya pili. Wa Mtaa wa Msimbazi, wa Mtaa wa Kongo, wa Uhindini wawili. Walipita ukumbini, wakamshika Saadiya mikono miwili, "Pole, mwanangu, pole kwa kufiwa na baba." Saadiya akaitikia, "Tumeshapoa." Halafu wakaja uani kunywa maji, wakamkuta Mauza.

"Pole na moto," wakamwambia. "Samli unayo ya kutosha?"

Alipewa pole za moto, pole za moshi, pole za kuni mbichi. Mwanamke mmoja alimpa pole ya kidole kilichoungua. Pole ya baba haikupita mlango wa uani. Na Mauza alikuwa akihesabu muda: siku ya tatu baada ya alasiri inasomwa hitima, linaanuliwa tanga, mikeka inakunjwa. Mkeka ukishakunjwa, pole haina tena mahali pa kutua. Ambaye hakuhesabiwa humo mfiwa, hakufiwa.

Siku ya tatu, sufuria kubwa ya hitima ikiwa motoni, Bwana Salem alikuja uani kutawadha. Akasimama kwenye dirisha la chumba cha dada yake, linalotazama mafiga. Mauza alikuwa ameinama juu ya sufuria, hatua chache kutoka pale, anasonga.

"Yule binti anayepika ni wa nani?" Bwana Salem aliuliza. "Ana pua ya Mbaruk."

"Pua za watu zinafanana," Bi Azza akajibu ndani. "Marehemu alimwokota Mbwamaji mwaka wa homa, mayatima walikuwa wamezagaa. Nimemlea kwa ajili ya Mungu."

"Mungu atakulipa, dada."

"Amin," alisema Bi Azza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipwa.

Mauza hakuinuka mara moja. Mwiko uliendelea kuzunguka wenyewe, kwa mazoea. Ajabu ni kwamba hakumfikiria Bi Azza. Alifikiria vitumbua. Aliona mkono wa baba umeshika wake, unampeleka kwa jirani kila alipokuja Bwana Salem, na baba anatazama nyuma barazani kama wageni wamefika. Mara ngapi? Hakuweza kukumbuka mara ngapi. Mzee aliyeijua nasaba mpaka babu wa tano aliisoma jikoni tu. Barazani hakuwahi kuisoma na yeye Mauza yumo. Akakumbuka punda mwenye homa. Akakumbuka mayai mawili ya kuchemsha, na bibi anayeangalia pembeni. Na Kishungi, aliyeambiwa siku tatu.

Kumbe wote walijua. Labda hata kuku.

Akatoa mwiko sufuriani akaulaza juu ya kifuniko. Akaongeza kuni mbili, asije akasemwa ameacha moto ufe. Akanawa mikono mpaka viwiko, akajifunga kanga safi, akaingia ukumbini akakaa mkekani.

Wanawake wakageuza vichwa. Saadiya aliangalia chini. "Mauza," akanong'ona, "sufuria nani anayo?"

Mauza akakunja miguu, akajitanda kanga. Saadiya akasogea kidogo, nafasi ya mtu mwembamba, bila kumtazama. Dada wa tumbo moja, na nusu ya mkeka ndiyo hiyo.

Bi Kuruthumu akatoka alikokaa pembeni, akapita katikati ya magoti ya watu, akapiga magoti mbele ya Mauza na kumshika mikono miwili.

"Pole, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kuuzia vitumbua, mpaka pazia la mjane likasikia. "Pole kwa kufiwa na baba yako. Mbaruk bin Suud."

"Nimeshapoa," alisema Mauza, na hapo ndipo akalia.

Wengine walitazamana. Wawili wakainuka wakafuata kutoa mkono. Waliobaki wakaangalia pazia kwanza, wangoje litasema nini. Pazia halikusema kitu. Lililosema ni bokoboko. Kwanza ilikuja harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, kisha moshi ukaingia ukumbini, ukapita juu ya vichwa vya wafiwa ukielekea barazani, kwa sababu nyumba zile ndivyo zilivyojengwa.

Barazani hitima ilikuwa imekwisha, na Bwana Salem amesimama kusema kwa niaba ya ukoo.

"Enyi jamaa," alianza, mkono kifuani, jambia kiunoni, sauti ya mtu anayejua kwamba sauti yake ni nzuri. "Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali. Marehemu shemeji yangu, mtu wa ukweli, mtu asiyeficha jambo, ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja tu, binti yetu Saadiya. Ukoo huu, ambao mizizi yake," akakohoa, "ambao mizizi yake imeshika," akakohoa tena, "imeshika..."

Hakufika kwenye mizizi. Watu walikuwa wamefunika pua kwa mikono ya kanzu. Mmoja aliuliza kama kuna nyumba inaungua. Mwingine, mzoefu wa karamu, akasema si nyumba, ni chakula chetu. Hilo likawahuzunisha watu kuliko yote yaliyotangulia.

Bwana Salem akageuka, akafika kwenye mlango wa ukumbi, akasimama nje ya pazia la mlango huo kwa heshima ya wanawake, macho yanamtoka machozi kwa mara ya kwanza tangu atoke Unguja.

"Jamani humo ndani," aliita, "mbona bokoboko linaungua? Mpishi yuko wapi?"

Mauza akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Mpishi kafiwa," alisema.